Sinema Iliyoishia Hospitalini

Gunia la katani likilowa mvua lina harufu yake. Si nzuri, si mbaya. Ni harufu ya kamba, ya vumbi la mahindi na ya kitu kama mbwa aliyetoka mtoni. Hivi majuzi nilikuwa Nyamache, nimejikinga mvua kwenye baraza la duka la nafaka, na mwenye duka alikuwa ametandika gunia mlangoni ili wateja wapanguse matope. Nilisimama pale mpaka akaniuliza, "Mama, kuna kitu umepoteza?" Nikamwambia hapana. Mvua ilipopungua nikashika njia yangu, lakini ile harufu ilikuwa imeshanirudisha Marani, kwenye kibanda cha video, nikiwa mtoto wa darasa la kwanza.

Wa rika langu wanavikumbuka vibanda vile. Chetu kilikuwa cha mabati, nyuma ya posho mili, kinu cha kusagia mahindi, na madirisha yake yalizibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na wasiolipa wasichungulie. Ndani kulikuwa na mabao yaliyopigiliwa juu ya vigogo, na mbele, juu kabisa, televisheni ndogo iliyofungwa kwa mnyororo kana kwamba ingeweza kutoroka. Jenereta ilinguruma nje. Na kando ya televisheni alisimama mwenye kibanda mwenyewe, mwanamume mrefu mwembamba tuliyemwita Spika, kwa sababu alikuwa na sauti iliyoishinda jenereta. Kazi yake ilikuwa kutueleza kila kilichosemwa kwenye sinema. Hakuna aliyejiuliza amejulia wapi lugha zote zile. Sinema ikiwa ya Kihindi, Spika alieleza. Ikiwa ya Kichina, Spika alieleza.

Kwa kawaida mtoto wa nyumba yetu hangeingia pale. Sisi ni Wasabato, na nyanya yangu, ambaye kwetu huitwa magokoro, aliamini kwamba mtu akikaa gizani mchana kutazama picha, kuna kitu kinamtazama yeye pia. Aliyenipeleka ni shangazi yangu Bosibori, dada mdogo wa baba, aliyekuwa amemaliza shule na bado hajaolewa. Alimwambia Magokoro kwamba tunaenda Marani kutafuta sabuni. Alifanya hivyo kwa kunihurumia. Mama yangu alikuwa hospitalini, na kwa siku kadhaa mimi nilikuwa nimekaa tu kwenye ngazi ya jikoni bila kucheza wala kusema.

Mama alianza na homa ya kawaida. Ulikuwa ule msimu ambao malaria ilipanda mpaka kwetu milimani, ikawakuta watu wasioizoea. Asubuhi alichuma chai, mchana akajilaza, na jua likienda kutua akawa anazungumza na watu ambao sisi hatukuwaona. Watu wazima walisema malaria imempanda kichwani. Wanaume wa jirani walimbeba na kitanda chake mpaka barabarani, wakamtia kwenye pikapu, wakampeleka Kisii mjini. Baba, ambaye sisi humwita Tata, alikwenda naye. Aliporudi kuchukua blanketi, Magokoro alimuuliza hali yake, naye akajibu kwa sauti ya chini, "Amelala. Hajaamka."

Hayo ndiyo maneno yaliyotumika nyumbani siku zote zile. Hakuna aliyesema amezimia, hakuna aliyesema yuko katikati ya kufa na kupona. Walisema amelala. Wakija majirani na uji, waliuliza, "Ameamka?" Na katika kila sala walisema, "Bwana, mwamshe." Mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyokuwa. Mama alikuwa amechoka, amelala hospitalini, na kwa sababu fulani alikuwa hajamaliza kulala.

Basi hiyo ndiyo hali niliyoingia nayo kwenye kibanda cha video.

Ile sinema sijaiona tena tangu siku hiyo. Nimeitafuta ukubwani, nimewaeleza watu wanaozijua sinema, wakanitazama kama ninayebuni. Ilimhusu mwanamume mnene mwenye masharubu, mchuuzi wa vioo, aliyetembea mitaani na kioo kikubwa mgongoni. Alikuwa mtu wa kuchekesha hata kabla hajafanya kitu. Akateleza kwenye ganda la tunda, kioo kikaanguka kabla yake, naye akaangukia juu yake. Badala ya kioo kuvunjika, akazama ndani kama mtu aliyeanguka kisimani.

"Ona sasa hii mtu!" Spika akasema. "Anaingia! Anaingia na kiatu yake! Sasa amefika nchi ya watu wengine kabisa."

Nchi ile ndiyo iliyonifanya nisahau kupepesa macho. Mvua ilitoka kwenye madimbwi ikanyesha kwenda juu, na watu walivaa miavuli kiunoni kama marinda. Nyumba zilikuwa za kitambaa. Majirani wakikosana, mmoja alikunja nyumba yake kama shuka, akaiweka kichwani na kuhama. Mfalme alikuwa mdogo mno, akibebwa ndani ya kikombe cha chai, na alipokasirika chai ilichemka naye akapanda juu ya kishikio akipiga kelele. Polisi wake walikuwa na tarumbeta mahali pa pua, kwa hiyo mwizi aliwasikia wakiwa bado mbali. Kibanda kizima kilicheka mpaka mabati yakaitika. Shangazi Bosibori alinifinya paja kwa kucheka.

Yule mchuuzi akaoa huko. Mke wake alikuwa na dirisha dogo kifuani, la mbao, lenye komeo, na ndani yake iliwaka taa. Akizungumza na mtu anayempenda alifungua dirisha, mwanga ukamwangukia huyo mtu usoni. Akihuzunika, taa ilififia. Wakapata watoto, wa mviringo kama mipira, waliotembea kwa kudunda. Yule wa mwisho alikuwa na mafua, na kila alipopiga chafya alibadilika rangi. Huyo ndiye niliyempenda. Nilimwona kama mdogo wangu mwenyewe.

Kisha mambo yakaharibika. Mfalme akataka ile taa ya mke iwekwe kwenye kikombe chake, maana chai ilikuwa imeanza kupoa. Tarumbeta zikaanza kulia. Familia ikakimbia, baba na nyumba kichwani, watoto wakidunda nyuma yake, mvua ikipanda pande zote, mpaka wakafika ukingoni mwa nchi, ambako hapakuwa na ardhi tena. Polisi wakawazunguka. Mke akamgeukia mume, akashika komeo la dirisha, akaanza kulifungua.

Ghafla kukawa na weupe. Ukuta mweupe, kitanda cheupe, na mchuuzi amelala na bandeji kichwani. Muuguzi akainama. Mchuuzi akafungua macho, akasema maneno mawili matatu, akatabasamu. Muziki ukapigwa, na maandishi yakaanza kupanda.

"Ameamka," Spika akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Anasema ilikuwa ndoto. Wale watu wote hawakuwa. Alikuwa amelala tu hospitali."

Halafu mama mmoja aliyekuwa amebeba kikapu cha chai mgongoni, hata hakuwa amekivua, akasema, "Ati nini?" Mwingine akasema, "Spika, rudisha kanda nyuma, umeruka mahali." Gunzi la mahindi likarushwa, likapiga ukuta. "Kwani mimi ndiye niliitengeneza?" Spika akalia. Watu wakatoka wakinung'unika kama waliopika kutwa nzima chakula kikaungua mwishoni. Nikiwa mtu mzima nimekutana na mwisho wa namna hiyo mara nyingi, na bado huniudhi. Mtu anakujengea nchi nzima, halafu anashindwa kuifungia mlango, anakwambia haikuwepo.

Njiani Shangazi Bosibori alikuwa bado na hasira. Alibeba sabuni ya kipande mkononi, akitembea mbele.

"Mwisho wa bure kabisa," alisema.

"Shangazi, wale watoto wameenda wapi?"

"Watoto gani?"

"Wale wa kudunda."

"Hawakwenda mahali. Hawakuwepo. Yule mtu alikuwa anawaota. Alipoamka wakaisha."

Nikatembea kidogo. "Na wao walijua?"

"Walijua nini?"

"Kwamba wanaotwa."

Akacheka, akanishika mkono kunivusha mtaro. "Wangejuaje, Moraa? Wewe ukiota mbuzi, mbuzi anajua?"

Alisema hivyo akavuka mtaro, akaendelea na safari. Mimi sikuendelea. Mwili wangu ulifika nyumbani, lakini akili yangu ilibaki pale mtaroni. Mama yangu alikuwa amelala hospitalini. Alikuwa hajaamka. Na kila mtu niliyemjua alikuwa anamwomba Mungu amwamshe.

Sikumwambia mtu. Mtoto akiwa na jambo kubwa hivyo halisemi, hulichunguza kwanza. Nilianza kutafuta dalili kwamba sisi ni watu wa kweli, na kila nilipotafuta nilikuta kinyume. Nilijaribu kukumbuka siku yoyote kabla ya kumjua mama, sikuipata hata moja. Nilimuuliza Magokoro nilitoka wapi, akasema, "Kwa mama yako, kwingine wapi? Bila yeye usingekuwepo." Nilimtazama ng'ombe wetu, ambaye pembe yake moja ilitazama juu na nyingine ikatazama chini, nikaona huyo ni ng'ombe anayeweza kuwa ndani ya ndoto. Kulikuwa na mzee wa jirani aliyevaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, kiangazi na masika. Kabla ya hapo nilimwona mzee tu. Sasa nilimwona kama polisi wa tarumbeta. Nilikuwa najifinya mkono mpaka ukawa na alama, lakini hata hilo halikunisaidia, kwa sababu yule mtoto wa mafua naye aliwahi kuumia, akalia.

Mdogo wangu Mogaka, aliyekuwa anajifunza kutembea, ndiye aliyenitia uchungu zaidi. Alikuwa akianguka na kuinuka kwa bidii kubwa uani, na mimi nilifikiri, maskini, hajui.

Ijumaa ile, jua likitua, tulikusanyika sebuleni kwa Magokoro kuikaribisha Sabato kama kawaida. Jirani yetu, mke wa mzee wa kanisa, alikuwepo pia. Tuliimba, kisha kila mmoja akaomba kwa zamu, hata watoto. Shangazi aliomba Mama aamke. Jirani akaomba Mama aamke, kwa maneno mengi. Zamu yangu ilipofika nilifumba macho na kusema kwa Kigusii, kwa sauti ya kusikika vizuri, kama tulivyofundishwa, "Mungu, tafadhali, usimwamshe mama. Mwache alale. Amina."

Hakuna aliyeitikia amina.

Nilipofumbua macho, jirani alikuwa amejishika mdomo. Magokoro alinitazama kwa muda mrefu. Hakunipiga. Angenipiga ningeelewa. Alimaliza sala yeye mwenyewe, kwa haraka, akamsindikiza jirani mpaka mlangoni, na nilimsikia yule mama akisema nje, "Huyo mtoto ametumwa. Ulizeni ametumwa na nani."

Wenye kuzijua pande zetu hawahitaji kuelezwa uzito wa maneno hayo. Mama wa watu yuko hoi, halafu mtoto wake anaomba asiamke. Jambo kama hilo likizunguka kijijini bila maelezo, watu watatafuta maelezo wenyewe, na watayapata kwenye nyumba ya bibi fulani mzee anayeishi peke yake, wamwite mchawi. Magokoro alilijua hilo kuliko sisi sote. Alirudi, akaniketisha kwenye kigoda, akauliza kwa upole ulionitisha kuliko kelele, "Maneno yale umefundishwa na nani?"

Nikamwambia ukweli kama nilivyoujua. "Ni yule mtu wa Marani."

"Mtu gani?"

"Spika. Wa video."

Shangazi Bosibori akainama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo.

Siku ya soko iliyofuata, Magokoro alivaa viatu vyake vya kanisani, akachukua mwavuli, akanishika mkono. Shangazi alitufuata kwa nyuma kama mtu aliyeitwa kwa chifu. Tulimkuta Spika nje ya kibanda ameketi kwenye kreti la soda, akifuta kanda kwa kitambaa. Magokoro hakumsalimu.

"Wewe ndiye unawafundisha watoto kuwaombea mama zao kifo?"

Spika akasimama. Alikuwa mrefu kumzidi Magokoro mara mbili, lakini kwa dakika ile hakuonekana hivyo. "Mimi, Magokoro? Mimi natafsiri tu."

"Mwambie," Magokoro akanisukuma mbele.

Nikamwambia yote. Kwamba yule mchuuzi alikuwa amelala hospitalini na alipoamka watu wake wakaisha. Kwamba mama yangu amelala hospitalini. Kwamba akiamka tutaisha sote, mimi, Mogaka, Tata, Shangazi, Magokoro na ng'ombe. Niliposema hivyo mara ya kwanza kwa sauti nilianza kulia, si kwa sababu ya Mama bali kwa sababu ya Mogaka. Shangazi naye akaanza kulia nyuma yangu. Nilihisi mkono wa Magokoro ukinishika bega, na mwavuli wake ukashuka taratibu mpaka ncha ikagusa ardhi.

Spika alivua kofia. Akaketi tena kwenye kreti ili uso wake uwe sawa na wangu.

"Mama yake yuko hali gani?" akamuuliza Shangazi.

"Amelala. Hajaamka."

Akatikisa kichwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaninong'oneza, "Mtoto, nitakuambia jambo, lakini usiwaambie hawa wa soko. Mimi lugha ya ile sinema siijui."

"Hujui?"

"Hata neno. Si ile tu. Nyingi sizijui. Natazama midomo yao, natazama wanafanya nini, naweka maneno."

"Kwa hivyo unawadanganya watu wazima kila Jumapili?" Magokoro akauliza.

"Sidanganyi, Magokoro. Nasaidia." Kisha akanigeukia mimi. "Yule mtu aliamka kitandani, mimi sikujua amesema nini. Niliona hospitali, nikasema ndoto. Ningesema nini? Picha ilikuwa imeisha na watu wananitazama."

"Sasa alisema nini?"

"Sijui. Labda aliomba maji. Mimi nikiugua, nikiamka naomba maji."

"Na watoto?"

"Labda walikuwa nje ya mlango. Hospitali haikubali watoto kuingia hovyo hovyo. Unajua hivyo?"

Sikujua hivyo. Lakini ilikuwa habari ya maana, na ilitoka kwa mtu mkubwa aliyekuwa ameinama mbele yangu na kofia mkononi. Tuliondoka bila Magokoro kumuaga. Tulipolipita duka la mwisho la sokoni, akasema, "Sikiliza. Mama yako alikuja hapa ameolewa. Mimi nilikuwa hapa kabla yake. Ile nyumba niliijenga na babu yako kabla mama yako hajazaliwa. Sasa atawezaje kuniota mimi?"

Nikalifikiria hilo. "Lakini hata yule mtu alimkuta mfalme ametangulia."

Magokoro akanivuta mkono. "Tutembee," akasema.

Mbele ya mke wa mzee wa kanisa alilieleza jambo lile yeye mwenyewe, kwa ufupi, kwamba mtoto aliogopeshwa na picha. Aliongeza kwamba yeyote mwenye swali la zaidi aje kwake. Hakuna aliyekuja.

Siku Mama alipoamka nilikuwa nyuma ya jiko nikiwalisha kuku. Nilimsikia Tata kabla ya kumwona. Alikuwa akipanda njia ya katikati ya chai akiita, na Tata si mtu wa kuita. "Ameamka! Ameamka! Ameomba maji!" Sahani ya mahindi ilinidondoka. Mnaweza kudhani kwamba yale ya Spika yalikuwa yamenituliza. Yalinituliza mchana, nikiwa na watu. Lakini sauti ile ilipokuja, miguu yangu ilikimbilia nguzo ya jiko, nikaikumbatia kwa mikono yote miwili na kufumba macho, nikangoja kuisha.

Sikujua kuisha kunakuwaje. Nilifikiri labda kutaanzia miguuni. Nikasikia Magokoro akipita mbio, kitu ambacho sikuwahi kusikia maishani. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukigongwa na mwiko, na vigelegele, na Mogaka akilia kwa kushtuliwa. Nikangoja. Moshi wa jiko ukaniingia puani, nikapiga chafya. Kuku mmoja alikuwa anadonoa mahindi juu ya kidole changu cha mguu, na iliuma. Nikafumbua jicho moja. Chai ilikuwa pale pale, kijani mpaka bondeni. Ng'ombe alikuwepo, na pembe zake mbili zisizoelewana. Nikafumbua la pili.

Tata alinichukua kwenda kumwona. Aliniacha kwenye benchi la ukumbini aende kumtafuta daktari, na muuguzi mmoja mwenye miwani, aliyetoka upande wa ziwani, akasimama mbele yangu.

"Umekuja kumwona nani, mtoto?"

"Baba," nikajibu, maana kwa Kigusii mama mzazi ndiye baba, na baba mzazi ni tata, na Kiswahili changu kilikuwa kifupi.

"Wodi ya wanaume iko kule. Baba yako anaitwa nani?"

"Nyaboke."

Akanitazama juu ya miwani, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Kumbe! Baba Nyaboke! Njoo nikupeleke."

Mama alikuwa ameketi, mgongo umeegemea mto. Alikuwa amenyolewa, na shingo yake ilikuwa nyembamba kama ya msichana. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini sikuwa nimejiandaa kwa hilo lililofuata. Alinitazama vizuri, kwa macho ya upole, akamgeukia Tata aliyekuwa ameingia.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Tata akanisogeza mbele. "Ni Moraa. Ni wako."

"Haya," Mama akasema, kwa adabu ya mtu anayempokea mgeni. "Karibu, mtoto. Kaa."

Nikakaa. Tata alinieleza tukirudi kwamba ugonjwa ule hufuta mambo, kwamba daktari alisema yatarudi, mengine mapema, mengine polepole, na mengine labda hayatarudi. Alinieleza kama mtu anayejieleza mwenyewe. Mimi nilihisi kwamba sinema ilikuwa imesema kweli lakini ikakosea kidogo. Mtu aliamka, na watu wake hawakuwemo tena kichwani mwake. Ila hao watu wenyewe walibaki, wameketi kwenye benchi, hawajui wafanye nini na mikono yao.

Mama alirudi nyumbani mvua zikiwa zimetulia. Aliwakumbuka Magokoro na Tata. Nyimbo za kanisa alizikumbuka ubeti kwa ubeti. Mikono yake ilijua kuchuma chai, majani mawili na kichipukizi, bila kufundishwa. Yaliyofutika ni yale ya karibuni, na sisi watoto tulikuwa wa karibuni. Mogaka hakujali. Alimpanda mapajani siku ya kwanza akalala, na jambo lao likaishia hapo. Mimi aliniita "wewe mtoto". Hakuwa mkali. Alinipa chakula kizuri, alinisuka nywele, alinishukuru nilipomletea maji. Sijui kama mnaelewa jinsi inavyouma kushukuriwa na mama yako kwa kikombe cha maji.

Nikaanza kumfuata. Akimenya ndizi niliketi karibu, na kwa kuwa sikujua la kumwambia nilimsimulia ile sinema. Nilimweleza mvua iliyopanda, nyumba zilizokunjwa, mfalme wa kikombeni. Akacheka. Hicho ni kitu ambacho ugonjwa haukukifuta, kile kicheko chake cha puani. Aliuliza maswali ya maana kuliko watu wa kibandani. Alitaka kujua yule mke alilalaje na taa kifuani, na kama mtu alihitaji kuijaza mafuta. Tulipofika ukingoni mwa nchi, mke ameshika komeo, nikanyamaza.

"Halafu?"

"Halafu imeisha."

"Imeishaje? Mtu anashika komeo halafu inaisha?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hapana." Akaweka kisu chini. "Fungua hilo dirisha."

Nikamwambia siwezi kulifungua, sikuliona likifunguliwa. Akasonya, akachukua ndizi nyingine, na nilimwona bado anafikiria jambo hilo wakati maji ya kupikia yanachemka.

Siku zikapita hivyo. Jina langu alilijua, kwa sababu kila mtu alilitaja, lakini alikuwa halitumii, kama mtu asiyependa kuvaa nguo ya kuazima. Nilizoea, au nilijiambia nimezoea. Tata alinunua ndama. Shangazi Bosibori akapata mchumba kutoka Magwagwa. Nywele za Mama zikaota.

Kisha ikafika asubuhi moja ya kawaida kabisa. Magokoro alikuwa ameanika wimbi, yaani ulezi, kwenye mkeka uani, akaniambia nilinde, nami nikaenda kumwonyesha Mogaka kinyonga kwenye ua. Nilikuwa nimechuchumaa pale, kinyonga ananyoosha mguu, niliposikia sauti nyuma yangu, kali, iliyojaa hasira, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya pikapu.

"Moraa! We Moraa! Nani amewaachia kuku wimbi? Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kulinda kitu! Hata ule mwaka kuku walipomaliza mahindi ilikuwa hivi hivi!"

Magokoro alitokea mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, akasimama. Tata aliyekuwa akimfunga ndama aliiachia kamba. Mama hakuona lolote katika hayo. Alikuwa anakuja kwangu kwa hatua kubwa, kijiti cha mchai mkononi, uso umekunjamana, na kuku pande zote wanapiga mabawa juu ya mkeka.

Nikasimama mbele yake. Sikukimbia.

"Unacheka nini?" akanifokea. "Fukuza kuku!"

Nikawafukuza.